Kaburi Refu la Kidoti

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, na milango yao, na majirani wa kugombana nao, palikuwa na mtaa ukiitwa Mteremkoni. Sogeeni. Na wewe unayecheka huko nyuma, acha. Hadithi hii si ya kucheka sana.

Nyumba za Mteremkoni zilishuka mlimani, moja chini ya nyingine. Juu kabisa alikaa Bwana Ndovu, mwenye ua mpana na migomba iliyonona. Chini yake alikaa Bwana Mbogo. Kisha wakafuata kina Nungunungu, na Kobe, na wengine wa kimo cha kawaida. Na chini kabisa, pale mteremko unapokaribia mto, alikaa mjane mmoja, Bi Pimbi. Mwili wake wote haukujaza unyayo mmoja wa Ndovu.

Katikati ya mtaa, kutoka kwa Ndovu mpaka mtoni, ulipita mtaro. Mababu ndio waliouchimba, ili maji ya mvua yapite humo yasiingie majumbani mwa watu. Kila mwaka kabla ya masika, Kobe alipanda juu ya jiwe lake akapuliza baragumu: Tu! Tu! Tu! Milio mifupi mifupi. Kila mwenye nyumba akajua ni msaragambo, akatoka na jembe lake. Waliuzibua mtaro wote pamoja, wakaimba, wakanywa uji, wakarudi makwao.

Baragumu lilikuwa na mlio mwingine. Tuuuuuuu! Mmoja tu, mrefu, wa kushuka chini. Huo ulikuwa mlio wa msiba.

Sasa wakubwa wakaanza kuchoka na msaragambo. Mwaka mmoja Ndovu hakuja, akatuma mkungu wa ndizi.

"Bwana Ndovu anawasalimu," alisema aliyetumwa. "Anasema kuleni, mpate nguvu."

Wakala. Mwaka uliofuata Mbogo naye hakuja, na hata ndizi hakutuma. Aliupanua mtaro mbele ya nyumba yake akafanya kidimbwi cha kugaagaa, na udongo wa kidimbwi akaurundika papo hapo mtaroni. Ndovu akaona kumbe mambo ni rahisi hivyo! Akaufukia mtaro uani kwake, akapanda migomba juu yake. Kina Nungunungu walipiga jembe mwaka huo, lakini uzibue nini chini, na juu kumezibwa?

Masika ikaingia. Maji yakateremka, yakagonga migomba ya Ndovu, yakagonga udongo wa Mbogo, yakakosa njia. Yakaitafuta. Yakaipata mlangoni kwa Bi Pimbi.

Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu: Kidoti, wa kwanza, na mapacha wachanga. Maji yalipovunja mlango, aliwadaka mapacha, mmoja kwa mkono huu na mmoja kwa huu. Mikono ilikuwa miwili tu, wanangu. Kidoti alimshika mama yake upindo wa kanga. Kanga ikachanika.

Walimtafuta mpaka mvua ikaisha. Hawakumwona.

Tangu hapo mtaa ukawa na aibu ya kulitaja lile jina. Yule ambaye siku zote aliitwa Mama Kidoti, sasa aliitwa Mama Mapacha. Walidhani wanampunguzia uchungu. Yeye kila alipoitwa hivyo, aliona mwanawe anafutwa mara ya pili.

Mwaka ukazunguka. Mawingu yakaanza kukusanyika tena nyuma ya mlima, na upepo ukaja na harufu ya vumbi lililolowa. Kobe akapuliza: Tu! Tu! Tu! Wakaja kina Nungunungu na majembe yao. Ndovu hakuja. Mbogo hakuja. Wakatazamana, wakarudi makwao.

Bi Pimbi akajifunga kanga, akapanda mlima kwa Ndovu.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu, karibu Mama Mapacha. Pita. Kaa kivulini."

"Sitakaa, Bwana Ndovu. Nimekuja kwa ajili ya mtaro."

"Aa, mtaro." Ndovu akavuta pumzi kwa mkonga wake, fwooo! "Mama, mimi sikatai. Lakini nitazame. Nikishuka huko na mwili huu nitawavunjia kuta zenu. Tena maji hayapandi mlima. Mtaro ule una faida gani kwangu?"

"Kwako hauna. Kwangu una watoto wawili waliobaki."

Ndovu akatazama pembeni. Hakuwa mbaya, na hilo mlielewe. Alikuwa ameshiba tu, na mwenye kushiba huwa mzito wa kusikia.

"Kwa nini usihame?" akamuuliza. "Mtu mdogo kama wewe, popote pana nyumba."

"Nihame nimwache nani? Mwanangu yuko mahali fulani kati ya nyumba yangu na mto, sijui wapi. Nikiondoka, akitaka kurudi atamkuta nani?"

"Pole, Mama. Pole sana. Lakini kazi za msaragambo mimi nimeshaacha. Ukiwa na msiba, niite. Msiba ndio siachi hata nikiwa mgonjwa. Wewe ukifa leo, majirani wawili wanatosha kukuzika. Mimi je? Siku nitakapoanguka, kaburi langu litataka mtaa mzima, wadogo kwa wakubwa. Asiyezika hazikwi, Mama! Ndiyo maana hunikosi mazishini."

"Na Bwana Mbogo?"

"Mbogo hivyo hivyo. Ana mwili yule!"

Bi Pimbi akageuka. Akaangalia ile migomba iliyopandwa juu ya mtaro. Akaangalia mkonga wa Ndovu, na jembe lake kubwa lililoegemezwa ukutani, halijaguswa tangu mazishi ya mwisho.

"Ahsante, Bwana Ndovu," akasema taratibu. "Umenisaidia."

"Nimekusaidia? Kwa lipi?"

Lakini alikuwa ameshateremka, tip tip tip, moja kwa moja mpaka kwa Kobe.

"Bwana Kobe, chukua baragumu. Piga."

"Nimeshapiga, Mama Mapacha. Hawaji."

"Usipige mlio wa kazi. Piga wa msiba."

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Sauti yake ikatokea humo humo. "Wewe! Unataka nitangaze msiba wa uongo? Ni mwiko! Nitapasuka gamba!"

"Uongo uko wapi? Nijibu. Mwanangu alikufa au hakufa?"

"Alikufa."

"Alizikwa?"

Kobe akazidi kujivuta ndani ya gamba.

"Mmenizikia mwanangu, Bwana Kobe? Mlikuja na majembe? Mlilala matanga kwangu? Mlisema mwili haukuonekana, basi hakuna mazishi. Mkanipa pole njiani, mkapita. Mimi msiba wangu bado uko mlangoni, haujaingia wala haujatoka."

Kichwa cha Kobe kikatoka polepole. Macho yake yalikuwa yameloa.

"Utazika nini, mama?"

"Piga baragumu. Kaburi nalijua mimi."

Kobe akapanda jiweni. Tuuuuuuu! Mlio ukapanda mlima wote.

Loo! Milango ikafunguka. Kina Nungunungu wakatoka. Mbogo akanyanyuka kidimbwini akichuruzika matope. Na huko juu ardhi ikatikisika, du! du! du! Ndovu huyo anateremka, jembe begani, uso umeinama kama inavyompasa mtu anayekwenda msibani.

Wakamkuta Bi Pimbi amekaa chini, kanga kichwani, mapacha mapajani.

"Nani ametutoka?" akauliza Ndovu kwa sauti ya chini.

"Kidoti."

Watu wakatazamana. Mbogo akafungua mdomo, "Kidoti si alikwisha..." Ndovu akamkanyaga mguu. "Aliyefiwa habishiwi," akanong'ona. Mbogo akaufunga mdomo.

"Tuonyeshe tutakapochimba, Mama," akasema Ndovu.

Bi Pimbi akasimama. Maneno aliyokuwa nayo aliyatunga njiani, na hakuna mtu duniani aliyewahi kuyasema kabla yake.

"Kwetu majabalini tuna desturi yetu. Aliyekufa kitandani huchimbiwa kaburi la kimo chake. Lakini aliyechukuliwa na maji hajulikani alipolala. Basi kaburi lake huchimbwa refu, kuanzia yalikotoka maji mpaka mtoni yalikomfikisha. Lipite kando ya mlango wa mama yake, lisiguse kizingiti, ili kifo kisiingie tena. Na liwe na kina cha kiuno cha mchimbaji mkubwa kuliko wote."

"Ala!" Mbogo akaruka. "Kuanzia juu mpaka mtoni? Hilo kaburi au barabara?"

"Kama ni kubwa mno," akasema Bi Pimbi, "nitachimba mwenyewe. Niazimeni jembe."

Akalishika jembe la Ndovu kwa mikono miwili. Halikunyanyuka hata kidogo. Akavuta tena. Akavuta tena, na hapo mapacha wakaanza kulia.

"Basi, basi!" Ndovu akalichukua jembe lake. "Desturi ya mtu ni ya mtu. Tutaanzia wapi?"

"Yalikotoka maji."

"Na yalitoka wapi?"

Bi Pimbi akamtazama juu, mbali sana juu, kwenye macho yake.

"Kwako, Bwana Ndovu. Yalizibwa kwenye migomba yako, yakakosa njia."

Masikio ya Ndovu, yale mapana ambayo hayatulii, yalitulia. Akageuka bila neno, akapanda mlima, na mtaa wote ukamfuata nyuma kama unavyofuata jeneza.

Alipofika uani kwake akazungushia mkonga kwenye mgomba wa kwanza. Akasita. Ulikuwa na mkungu mzuri, umebaki kuiva tu. Kisha akavuta. Kwacha! Mizizi ikatoka na udongo wake. Akavuta wa pili. Kwacha! Akavuta mpaka wa mwisho.

Wakachimba. Ndovu jembe lake likipanda na kushuka, puu! puu! Mbogo akifukua kwa pembe, akinung'unika puani. Walipofika kwenye kidimbwi chake alisimama.

"Hapa tuzunguke kidogo."

"Maji hayakuzunguka," akasema Bi Pimbi.

"Mh!" Mbogo akawatazama watu, watu wakamtazama. Nani akatae kuchimba kaburi la mtoto mbele ya mtaa mzima, halafu siku yake azikwe na nani? Akainamisha pembe, akalichota rundo lake la udongo, akalitupa mbali.

Kina Nungunungu walifuata nyuma wakikwangua kingo, wengine wakibeba mawe ya kuzitegemeza. Mtu mmoja akaanza wimbo wa kuchimbia kaburi, na wengine wakauitikia. Bi Pimbi alikwenda nao hatua kwa hatua. Alikuwa amekuja na hila, na hila ilikuwa inakwenda vizuri, lakini kila jembe lilipotua kitu kilimfunguka kifuani. Mwaka mzima hakuna aliyeshika jembe kwa ajili ya mwanawe. Sasa walishika wote.

Kaburi likapita kando ya mlango wake bila kugusa kizingiti. Likafika mtoni. Na mawingu nayo yakafika juu ya mlima, meusi, mazito. Ngurumo ikapiga: gurrrr!

"Haraka," akasema Kobe. "Mama, mwili hatuna. Tunaweka nini?"

Hapo sasa hakutunga. Desturi ya kuzika shina la mgomba badala ya mtu ambaye mwili wake haukuonekana ilikuwepo tangu mababu, na wote waliijua. Wakapanda tena juu. Bi Pimbi akachagua shina la mgomba mmojawapo, changa, lenye kimo cha mtoto. Akaivua kanga yake, ile iliyochanika upindo, hakuwa ameishona. Akalivisha lile shina, akalifunga kwa kamba, akaliweka mwenyewe kwenye mwanzo wa kaburi, palepale palipokuwa na migomba.

"Mwanangu," akasema, "mama alikuwa na mikono miwili tu."

Akalia. Si kilio cha hila. Alilia kwa sauti, kilio kilichokuwa kimemkaa mwaka mzima, na majirani wakalia naye, na hata Mbogo akageuza uso akajifuta kwa bega.

Kabla hawajarusha udongo, mvua ikashuka. Tap. Tap tap. Kisha shaaaaa! Mlima wote ukanguruma maji.

"Kimbieni!" akapiga kelele Mbogo. "Kaburi linajaa!"

Kweli lilijaa. Maji yaliteremka kutoka mlimani, yakafika uani kwa Ndovu, yakaikuta njia. Yakaingia humo yote. Yakalinyanyua lile shina taratibu, yakaanza kuteremka nalo, na ile kanga ikielea.

Hakuna aliyekimbia. Walilifuata kwa miguu, wakilowa. Likapita kwa Mbogo, likapita kwa Nungunungu, likapita kwa Kobe. Bi Pimbi alitangulia mbio, akateleza, akaanguka, akasimama. Alitaka kufika mlangoni kwake kabla ya maji. Mapacha walikuwa ndani na mke wa Nungunungu.

Maji yakafika. Yakapita kando ya mlango. Hayakugusa kizingiti. Mapacha walikuwa wamechungulia dirishani, wakavu. Walikiona kitu cha kanga kinapita, wakakipungia mikono, kama wanavyofanya watoto kwa chochote kinachopita.

Kikafika mtoni. Chubwi! Kikaenda.

Watu wakabaki wamesimama mvuani. Kisha Mbogo akatazama juu, akatazama chini, akatazama mlango mkavu wa Bi Pimbi. Pua zake zikapanuka.

"Ebo! Hili si kaburi! Huu ni mtaro! Jamani, tumechimbishwa mtaro! Hako kadudu kametufanya wajinga!"

Minong'ono ikazuka. Ndovu akasogea, du, du, mpaka akasimama mbele ya Bi Pimbi. Unyayo wake mmoja ulikuwa ukingoni. Angeukandamiza tu, udongo wote ungeporomoka na maji yangegeuka palepale, mlangoni.

"Mama," akasema. "Kwenu majabalini kuna desturi ya kaburi refu?"

Bi Pimbi aliwatazama mapacha dirishani. Angeweza kudanganya tena. Midomo yake ilikuwa na maneno mengine tayari. Lakini alikuwa amechoka, na alikuwa amemzika mwanawe.

"Hakuna," akasema. "Niliitunga. Nilipokuja kwako kwa ajili ya walio hai hukunisikia. Ukaniambia niite kwa ajili ya aliyekufa. Nikakuita."

Mvua ikaendelea kunyesha.

"Kama mmekasirika, fukieni," akaendelea. "Lakini mtu amezikwa humo mbele ya macho yenu, na kwa machozi yenu. Anayetaka kuliziba kaburi la mwanangu, aanze."

Mbogo akamtazama Ndovu. Kobe akamtazama Ndovu. Ndovu akautazama unyayo wake, ukingoni pale, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akaunyanyua. Akaurudisha nyuma. Udongo mdogo ulikuwa umemeguka alipokuwa amekanyaga. Akauchota kwa mkonga wake, akaupandisha, akaushindilia vizuri.

"Makaburi ya mtaa huu," akauliza bila kumtazama mtu, "huwa yanapaliliwa lini?"

"Kabla ya masika," akajibu Kobe.

"Basi mwakani usinipigie mlio mfupi wala mrefu. Nitakuja mwenyewe." Akageuka kwa yule mdogo aliyelowa chapachapa. "Ingia ndani, utapata baridi, Mama Kidoti."

Bi Pimbi alisimama akilisikia jina lake. Kisha akaingia ndani kwa wanawe.

Na mpaka leo huko Mteremkoni, ukiona Ndovu anateremka na jembe wakati mawingu yanaanza kukusanyika, na Mbogo nyuma yake ananung'unika puani, usiwaulize wanakwenda kuzibua mtaro. Watakujibu wanakwenda kumpalilia mtoto wao.

Hapo ndipo ninapoitua hadithi yangu, wanangu, na neno lake ni hili: asiyekwenda na jembe kwenye kazi ya jirani, ipo siku atakwenda nalo kwenye maziko ya jirani huyo huyo.